Mbegu Yataka Nini Ndipo Iote?

Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuletea barua. Yeye ni mjane, na nyuma ya nyumba yake kuna kiwanja kidogo ambacho marehemu mumewe alikuwa akipanda mboga za kula nyumbani na za kuuza mlangoni. Tangu mvua za mwaka zilizopita amepanda mara tatu, mchicha na mabamia na pilipili, na mara zote tatu hakuona hata jani. Jirani amemwambia kuwa pale pana jicho, na kwamba yuko mtu aliye tayari kuja kufukia kago katika pembe nne za kiwanja kwa shilingi 6,000. Mama huyu atuuliza: je, kulipa fedha hizo ni halali? Na mwisho wa barua yake amesema neno lililotuumiza, kuwa fedha zenyewe atazikopa.

Jawabu ya hukumu ni fupi, nasi tutaitaja mahali pake. Lakini mbele ya hukumu liko swali jengine ambalo yaonyesha hakuna aliyemwuliza: zile mbegu zilipokosa kuota, je, alizifukua akaziangalia?

Swali hili twaliuliza kwa haya, kwani sisi wenyewe hatukuliuliza yalipotufika. Miaka michache nyuma tulipanda mabamia na mchicha katika madebe uani mwa chuo, tukitaka watoto wajifunze kazi ya mikono. Kila mwanafunzi alitaka zamu yake ya kutia maji. Basi madebe yale yakanyweshwa asubuhi, yakanyweshwa adhuhuri, yakanyweshwa tena baada ya alasiri. Siku kumi zikapita, kimya. Wakaanza watu kunong'onezana, na mmoja wetu akakumbuka kuwa mtu fulani alipita siku ya kupanda akasifu sana. Akaja bibi mmoja wa mtaani kumleta mjukuu wake kusoma, akatia kidole ndani ya debe, akatoa mbegu ya bamia iliyovimba na kugeuka rangi, akatunyoshea.

"Nusa, maalimu," akasema. "Zimeoza. Jicho halinuki."

Debe lile halikuwa na hata kitundu kimoja chini. Na sisi ndio tusomeshao mlango wa maji kila mwaka, tukiwafundisha watoto maji machache na maji mengi, na maji yaliyobadilika rangi na ladha na harufu. Kumbe maji yaliyokuwa ndani ya debe letu hatukuwa na khabari nayo.

Tangu siku ile tumejishughulisha kuuliza na kusoma juu ya jambo hili, na haya ndiyo tuliyoyapata.

La kwanza la kufahamu ni kuwa mbegu i hai. Chukua kunde moja, uiroweke usiku kucha, asubuhi uimenye ganda kisha uipasue polepole. Utaona mapande mawili manene, na baina yake, upande mmoja, kijiti kidogo kilichopinda, chenye mzizi ncha moja na vijani viwili ncha ya pili. Hicho ndicho mmea wenyewe. Yale mapande mawili ni masurufu yake, chakula alichofungiwa msafiri ambaye hajaondoka. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 95, kumetajwa kupasuliwa kwa mbegu na kokwa kuwa ni katika dalili za uwezo wa Mwenyezi Mungu. Na aliyepasua kunde kwa mkono wake akaona kilichomo, naamini aisomapo aya hiyo huisoma kwa moyo mwengine.

Mbegu iliyo kavu imelala, haikufa. Hupumua, lakini kidogo mno hata ni shida kupimika. Muda wa kulala kwake hutofautiana tofauti kubwa. Mwaka 2005 iliota kokwa ya tende iliyokuwa imechimbuliwa katika magofu ya ngome ya Masada, ukingoni mwa Bahari ya Chumvi, ambayo umri wake ulipimwa ukaonekana ni kiasi cha miaka 2,000. Ukavu wa nchi ile ndio ulioihifadhi. Kokwa ya embe kinyume chake: ikikauka hufa, na ukiiweka juu ya kabati wiki kadhaa ukingoje mvua, utakuwa umepanda maiti. Fenesi ni vivyo hivyo. Kwa hivyo asemaye kuwa mbegu hukaushwa vizuri kabla ya kupandwa amesema kweli kwa mahindi, kunde na mchicha, na amekosea kwa embe.

Basi msafiri huyu aliyelala, ni nini kimwamshacho? Vitu vitatu: maji, hewa na joto la kadiri yake. Udongo haumo, na jambo hili huwashangaza watu wengi. Mwangaza nao kwa mbegu nyingi haumo, ingawa ziko chache, kama za saladi na za tumbaku, ambazo hazipendi kufunikwa gizani. Ukitaka ushahidi, tandaza kitambaa kilichorowa katika sahani, weka kunde juu yake, kifunike, ukitunze kisikauke. Zitaota bila ya chembe ya mchanga.

Maji kazi yake ni kuamsha. Mbegu kavu huwa na maji kidogo sana, mara nyingi kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Ikishanywa, ganda hulainika, na kile chakula kigumu kilichomo hugeuzwa kuwa kitu kinachoyeyuka na kuweza kufika kwenye kijiti. Aliyevunja nazi iliyochipua akala joya anaijua khabari hii kwa ulimi wake. Nazi ina macho matatu. Mawili magumu, na moja laini, na chini ya hilo laini ndipo ulipo mche. Ukianza kuamka, hupeleka ndani ya kifuu kitu kilaini kama sifongo, kikakua kikajaza nafasi ya maji yote, kikawa chainyonya nyama ya nazi na kuipeleka kwa mche. Hilo ndilo joya, na utamu wake ni chakula kilichokwisha kugeuzwa, kiko njiani.

Ziko mbegu ambazo maji hayaziingii kwa wepesi, kama za ukwaju, ambazo ganda lake ni gumu. Hizo hukwaruzwa kidogo upande mmoja, au hurowekwa usiku kucha. Bamia nalo hufaidika kwa kurowekwa.

Lakini si kila maji hunyweka. Hapa kisiwani na katika miji yetu mingi ya pwani, maji ya visima vingi yana chumvi, na watu huona kuwa maadamu ng'ombe hunywa, mmea nao utakunywa. Nenda jikoni ukaangalie achari inavyotengenezwa. Mwanamke hukata embe mbichi, hunyunyiza chumvi, huacha; baada ya saa mbili vipande vimelegea na sahani imejaa maji. Nani ametia maji yale? Hakuna, chumvi imeyavuta kutoka ndani ya embe. Na hivi ndivyo ifanyavyo ardhi yenye chumvi kwa mbegu: maji yapo, yameizunguka, lakini chumvi yayazuilia nje. Mbegu hukaa na kiu ndani ya maji. Na kila unapomwagilia maji ya kisima kama hicho katika chungu, maji hupanda kwa jua na chumvi hubaki. Kesho wairudia, na kesho kutwa, hata juu ya udongo paonekane weupe. Weupe huo ukiuona, usitafute aliyekuhusudu.

Sasa tuje kwenye hewa, na hapa tutakaa kidogo, kwani hapa ndipo mbegu nyingi zifapo.

Mbegu ikishaamka hupumua kwa nguvu. Chakula chake haukitumii illa kwa oksijeni, kama taa isivyoweza kutumia mafuta yake bila ya hewa. Ziba juu ya chemni na chini yake uone utambi utakavyozimika na mafuta tele yamo. Hewa ya mbegu ni ile iliyo katika nafasi ndogondogo baina ya chembe za udongo. Ukimwaga maji yakapita yakaenda zake, nafasi hizo hujaa hewa upya. Ukimwaga maji yasiyo na pa kwendea, nafasi zote huwa maji, na katika maji oksijeni hupenya polepole mara 10,000 kuliko katika hewa. Basi mbegu iliyokwisha kuamshwa haiwezi kurudi kulala, na haiwezi kupumua. Hapo ndipo huoza. Mpunga ndio unaojulikana kwa kuweza kuanza kuchipua chini ya maji, na mtu asiupimie mchicha kwa mpunga.

Ajabu ya jambo hili iko mbele ya macho yetu kila maji yatokapo. Angalieni mikoko. Mchu husimama katika tope zito lisilo na hewa, na kwa sababu hiyo hupeleka mizizi yake juu, ikatokeza topeni wima kama penseli, mamia kwa mamia, ipate kupumua. Mkoko mwenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu, nayo ina vitundu vya kuvutia hewa. Na mbegu yake haidiriki kuanguka ikiwa imelala, bali huota ikiwa bado yaning'inia kwa mama yake, ikashuka ni mche tayari. Katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mito ilileta mchanga na matope mengi katika hori ya Mwache, upande wa bara wa Mombasa, yakaifukia mizizi ile ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Miti iliyozoea bahari haikuuawa na bahari. Iliuawa kwa kuzibwa pumzi.

Kuna na njia ya pili ya kuizibia mbegu, nayo ni kuifukia mbali mno. Tumetaja kuwa mbegu husafiri na masurufu yake. Safari hiyo ni kutoka ilipo hadi kwenye mwangaza, na njiani hakuna pa kununua. Nazi ina masurufu ya miezi. Waweza kungoja miezi mitatu na zaidi kabla ya kuona chipukizi, na bado mche unakula kutoka kifuuni. Pamoja na hayo wazee wetu huilaza ubavu na kuifukia nusu tu. Mbegu ya mchicha haizidi upana wa kichwa cha pini. Masurufu yake ni ya siku moja au mbili. Mtu aichimbiaye shimo la kidole kizima ameituma Makka kwa nauli ya Likoni. Kadiri waliyoiweka wakulima ni kuwa mbegu ifunikwe kwa udongo wa mara mbili au tatu ya unene wake. Kwa mchicha, basi, changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu, kisha ufunike kwa vumbi jembamba kama uwekavyo unga juu ya sinia. Sisi katika madebe yetu tulikosea yote mawili, maji na kina, na tungeendelea kukosea lau si pua ya bibi yule.

Juu ya joto hatuna haja ya kurefusha, kwani pwani hii haina upungufu wake. Mahindi yapenda joto la digrii 30 hivi, nalo tunalo. Ila watoto wetu hupanda mbegu za tufaha lililonunuliwa dukani wakahuzunika haziioti. Tufaha ni mti wa nchi za baridi, na mbegu yake haiamki mpaka ipitiwe na baridi na unyevu kwa wiki nyingi, kana kwamba yangoja majira ya baridi yapite. Hapa yangoja jambo lisilokuja.

Mche ukishatokeza, masurufu hukaribia kwisha, na sasa ni lazima ujitafutie. Hapa ndipo mwangaza huwa faradhi. Watu wa zamani walidhani mti hula udongo. Mtu mmoja wa nchi za Ulaya, Jan Baptist van Helmont, alipanda mti wa ratili 5 katika chungu cha udongo mkavu wa ratili 200, akawa hatii kitu illa maji. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi, na udongo umepungua kiasi cha wakia 2 tu. Khabari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Yeye alikata shauri kuwa mti wote umetokana na maji, na katika hilo alikosea. Sehemu kubwa ya mti hutokana na hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kuwa majani mabichi hufanya kazi yao katika mwangaza tu: huvuta hewa ya ukaa, wakaiunganisha na maji, wakafanya chakula, na kutoa oksijeni tuivutayo sisi. Kwa hivyo mche uliowekwa ndani ya nyumba kwa kuogopea mbuzi, ukawa mweupe, mrefu na dhaifu, haukosi mbolea. Una njaa ya jua.

Hata hivyo zile wakia 2 za udongo zisidharauliwe. Ndani yake mna naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine, ambayo ni machache kwa uzito lakini hapana mmea unaoweza kukaa bila ya hayo, kama chumvi katika wali. Udongo wetu ulio juu ya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huzuilia chuma kisipatikane kwa mizizi. Ndipo uonapo majani machanga yamekuwa manjano na mishipa yake imebaki kijani. Samadi ya mbuzi iliyokaa ikaoza husaidia sana. Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza, na tumewaona waliotia nyingi kwa mapenzi wakaua kwa mapenzi. Mwenye nafasi apande kunde zamu kwa zamu na mboga zake, kwani katika vinundu vya mizizi yake mna vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani na kuitia ardhini.

Elimu hii si ngeni kwetu, na isidhaniwe kuwa twaiazima kwa watu wa Ulaya peke yao. Abu Hanifa al-Dinawari, aliyekufa mwaka 895 hivi, aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea. Na Ibn al-Awwam wa Ishbilia, katika karne ya 12, alikusanya kitabu kizima juu ya ukulima, ndani yake mna milango ya udongo, ya mbolea na ya maji. Watu hawa walikuwa Waislamu wenye kuswali, na waliposhindwa na shamba walilitazama shamba.

Sasa hukumu tuliyoahidi. Kufukia kago ili mmea uote haijuzu, na fedha zitolewazo kwa ajili yake ni khasara mara mbili, ya dini na ya mfuko. Hatukanushi jicho; limethibiti katika hadithi sahihi, na dawa yake ni dua na kujikinga kwa Mola, ambazo haziuzwi. Lakini kuthibiti kwa jicho si ruhusa ya kulibebesha kila debe lisilo na kitundu. Na imepokewa katika Sahihi Muslim khabari ya watu wa Madina waliokuwa wakipandikiza mitende, nao wakaacha kwa dhana waliyoisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, mazao yao yakapungua. Naye akawarudisha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Ikiwa yeye, naye ni yeye, amewaelekeza kwa wajuao mitende, sisi ni nani hata tumwelekeze mjane kwa mwenye kuuza makaratasi?

Ama wewe, mama, usikope. Mvua za vuli hazijafika, na muda unao. Kwanza onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi, kinga ya mvua, au uchukue ya mfereji kwa ajili ya miche peke yake. Pili, chimba shimo la urefu wa mkono katika kiwanja, ulijaze maji, uangalie. Yakiwa hayajashuka hata kesho yake, inua matuta kabla ya kupanda. Tatu, hesabu mbegu kumi za kila aina, uziweke juu ya kitambaa kilichorowa, si kilichozama. Mchicha utakuonyesha katika siku tatu au nne, bamia katika wiki au zaidi, na pilipili ni mvivu, mpe wiki mbili au tatu usimfukue. Zikiota saba au nane, mbegu ni nzima na kosa liko kiwanjani. Zikiota mbili, mbegu zimekufa na aliyekuuzia umrudie. Na zikiota zote kitambaani lakini shambani hata moja, fukua, nusa, kisha angalia kama hazikuchukuliwa na sisimizi.

Mbegu za mabamia na mchicha zilizokwisha kujaribiwa ziko chuoni kwetu, na watoto wamezifunga katika vijikaratasi. Mtume mwanao azichukue baada ya alasiri siku yoyote isiyokuwa Ijumaa. Na akipenda atazame, madebe yako palepale uani, kila moja lina vitundu vitano.